Saa ya kibali haianzi siku ya joho

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja ya Aprili hapa Edmonton, Kanada, mbele ya wanafunzi wa Afrika Mashariki na Kongo waliokuwa wanamalizia vyuo. Yanahusu kibali cha kazi ambacho Kanada humpa mwanafunzi wa kigeni aliyemaliza masomo. Waliokuwa zamu kazini siku ile waliniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Shikamooni wazee wetu mliokubali kuacha mapumziko yenu mkaja kukaa na watoto. Wadogo zangu, habari za baridi? Nawaona wa Nairobi na Mombasa kule nyuma, wa Dar na Arusha hapa katikati, na ndugu zetu wa Bukavu na Bujumbura mmejipanga karibu na birika la chai, jambo ambalo halinishangazi hata kidogo. Karibuni. Pilau iko njiani. Mama anayeileta amepiga simu anasema gari limekwama kwenye theluji, kwa hiyo nina muda wa kutosha.

Kwanza mnijue. Mimi ni mhasibu. Si mwanasheria, wala si mshauri wa uhamiaji mwenye leseni. Sheria ya Kanada hairuhusu mtu kama mimi kumtoza mtu hata senti kwa ushauri wa uhamiaji. Hiyo ni kazi ya wanasheria na washauri waliosajiliwa. Kwa hiyo leo mnapata bure. Na yule anayewatumia ujumbe wa WhatsApp kwamba ana njia yake ya ndani kwa dola mia tano, mwombeni namba yake ya usajili. Mtaona atakavyoishiwa na maneno.

Sasa tuingie. Kila mmoja wetu ameshawahi kupatana na Mzungu kwa saa ya Kiswahili. Unamwambia tukutane saa mbili, wewe unafika asubuhi mapema umeoga na kunywa chai, yeye anatokea saa nane mchana anakushangaa kwa nini umekasirika. Saa ukutani ni ileile, mishale ni ileile. Kilichowagombanisha ni mahali pa kuanzia kuhesabu: sisi tunaanza jua linapochomoza, yeye anaanza usiku wa manane. Kibali cha kazi cha baada ya masomo kina ugomvi wa namna hiyohiyo. Karibu kila kijana niliyemwona akilia juu ya kibali hiki, sifa alikuwa nazo. Alichokosea ni kuhesabu.

Sheria inasema una siku 180 za kuomba. Sawa. Kuanzia lini? Ukiuliza humu ndani, nusu yenu mtaniambia kuanzia mahafali. Hapana. Siku ya kwanza ni ile ambayo chuo kinakuthibitishia kwa maandishi kwamba umemaliza, iwe kwa barua au kwa transkripti ya mwisho, yaani karatasi ya alama zako. Chochote kinachotangulia. Joho ni sherehe ya familia. Idara ya Uhamiaji haina habari na joho lako.

Kuna dada mmoja wa Moshi tuliyepanga naye nyumba moja. Alimaliza mtihani wa mwisho Desemba. Wiki ya pili ya Januari chuo kikamtumia barua pepe yenye barua ya kumaliza masomo. Akaifungua, akafurahi, akaipeleka kwenye kundi la familia, mjomba akajibu kwa vikaragosi vya kucheza ngoma, ikaishia hapo. Mahafali yalikuwa Juni. Mama yake alikuwa anakuja kutoka Kilimanjaro, kitenge kilishashonwa, na yeye akilini kwake hajamaliza chuo mpaka mama amwone amevaa joho. Mnamwelewa? Mimi namwelewa kabisa. Kwetu mtu hajahitimu mpaka ukoo umeshuhudia.

Lakini kibali chake cha kusoma kilikuwa kimeandikwa kwamba kinaisha tarehe 31 Machi. Na hata kama kingeandikwa Desemba ya mwaka unaofuata, kisingemsaidia, kwa sababu kibali cha kusoma hufa chenyewe siku 90 baada ya kumaliza masomo, au siku iliyoandikwa juu yake, ipi itangulie. Hiyo siku 90 ndiyo wengi hawaijui. Unaiangalia ile karatasi, unaona tarehe ya mbali, unalala usingizi mzuri, kumbe umelala juu ya karatasi iliyokwisha kufa.

Juni, mama ameshafika, wamepiga picha, jioni wanakula, mama anamuuliza: sasa kazi unaanza lini, mwanangu? Ndipo akaenda kusoma masharti. Nilikuwepo jikoni. Alikaa na kalenda ya simu, anahesabu kwa kidole, Januari, Februari, Machi. Siku 180 zilikuwa bado wiki chache. Lakini hadhi yake ya kukaa nchini ilikuwa imeshakatika tangu mwisho wa Machi. Bahati yake mbili. Ya kwanza, aliacha kazi Desemba ili apumzike, kwa hiyo hakuwa amefanya kazi hata siku moja bila ruhusa. Ya pili, ukipoteza hadhi una siku 90 za kuomba urudishiwe, naye alikuwa bado ndani yake kwa siku za kuhesabu. Akaomba kurudishiwa hadhi pamoja na kibali, akalipa ada ya ziada, akakaa nyumbani akisubiri, haruhusiwi kugusa kazi. Mama alirudi Moshi akamwacha hivyohivyo. Kibali kilikuja, tushukuru. Lakini miezi ile alikuwa anakula kwa akiba, na sisi tukimchangia kodi kimyakimya.

Angeomba Januari, barua ikiwa bado ya moto, mambo yangekuwa mengine kabisa. Ukituma ombi wakati kibali chako cha kusoma kiko hai, na ulikuwa unafuata masharti ya kazi ya mwanafunzi, unaruhusiwa kufanya kazi muda wote wakati unasubiri jibu. Ule ukomo wa mwanafunzi wa saa 24 za kazi kwa wiki nje ya chuo haukubani tena. Mwajiri akiuliza, unamwonyesha uthibitisho wa ombi lako na barua ya chuo. Na mtego ni huu: ukishamaliza masomo na hujatuma ombi, ile ruhusa ya kazi ya mwanafunzi imekwisha. Meneja hajui hilo. Meneja anajua tu kwamba mtihani umekwisha na wewe sasa una nafasi, anakupangia zamu tano. Siyo yeye atakayeulizwa.

Mimi mwenyewe saa yangu ilikuwa ya namna nyingine. Nilimaliza diploma ya miaka miwili mwaka 2017. Zama zile siku za kuomba zilikuwa 90 tu. Hizi 180 zilikuja Februari 2019, kwa hiyo msidhani mmeonewa. Nikaomba mapema, kila karatasi nimeipanga, nikajiona hodari. Aliyesoma miaka miwili au zaidi anapewa kibali cha miaka mitatu. Nikaanza kupanga maisha ya miaka mitatu. Nikanunua kitanda, na tulioishi vyumba vya chini ya nyumba za watu tunajua kununua kitanda ni tangazo.

Bahasha ikaja mwezi wa nane. Karatasi moja, ngumu kidogo, ina nembo. Nimesimama mlangoni, viatu miguuni. Macho yanakwenda moja kwa moja kwenye tarehe ya mwisho, naona Oktoba 2018. Nikadhani wamekosea. Nikaisoma tena. Mwenzangu wa Kisumu akaichukua, akaisoma, akanyamaza, akaenda chumbani kwangu bila kusema kitu, akarudi na pasipoti yangu. Oktoba 2018. Tarehe ileile.

Kibali hakiwezi kuishi kupita pasipoti. Hakuna aliyenikosea. Nilikuwa nimewapelekea pasipoti yenye miezi kumi na nne, wakanipa kibali cha miezi kumi na nne. Nilijua inakaribia kuisha, nikasema nitashughulikia baadaye, maana ubalozi wetu uko Ottawa, ni saa nne hivi za ndege, na nauli ile ilikuwa kodi ya nyumba ya mwezi mzima.

Ukiipata pasipoti mpya unaruhusiwa kuomba uongezewe ule muda uliokatwa. Mimi niliuomba, nikaupata. Sasa sikieni kilichonigharimu. Mwezi wa tisa nilifika hatua ya mwisho ya usaili wa kazi nzuri ya ofisini. Walitaka mtu wa kukaa miaka miwili. Wakaomba nakala ya kibali. Yule mama aliyekuwa ananisaili aliiangalia ile tarehe, akatabasamu kwa upole sana, na nilipouona ule upole nikajua imekwisha. Nikarudi kubeba boksi kwenye ghala, usiku, mwaka mzima.

Ndiyo maana nawaambia wenye pasipoti za Kenya, za Tanzania, za Kongo, za Burundi, popote: shughulikieni pasipoti muhula mmoja kabla ya kumaliza. Siyo baada. Foleni ya kwetu mnaijua.

Basi kwa walioingia karibuni kuna jambo ambalo sisi wa zamani hatukulikuta. Tangu tarehe 1 Novemba 2024, anayeomba kibali hiki lazima aambatanishe matokeo ya mtihani wa lugha, Kiingereza au Kifaransa. Mwenye shahada, iwe ya kwanza, ya uzamili au ya uzamivu, anatakiwa ngazi ya 7 ya vipimo vya Kanada katika kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza, zote nne. Mwenye cheti au diploma ya koleji, ngazi ya 5. Naona mtu anacheka. Ndiyo, hata kama umesoma miaka minne kwa Kiingereza, umeandika tasnifu kwa Kiingereza na umegombana na mwenye nyumba kwa Kiingereza.

Juzi binti mmoja amenijia na matokeo mazuri sana ya IELTS, mtihani wa Kiingereza. Nimeyaangalia: ni ule mtihani wa kitaaluma, aliofanya ili apate chuo. Haukubaliki. Kwa uhamiaji ni IELTS ya General Training, au CELPIP General, au PTE Core. Kwa Kifaransa ni TEF Canada au TCF Canada. Na matokeo yasizidi miaka miwili siku unayotuma ombi. Kwa hiyo ndani ya zile siku 180 lazima utoshee kupata nafasi ya mtihani, kuufanya, kusubiri matokeo, na, Mungu apishe mbali, kuurudia. Ukiweza, ufanye kabla hujamaliza muhula. Matokeo yakae kabatini yanakusubiri.

Ndugu zangu wa karibu na birika, hili ni lenu. Rafiki yangu wa Bukavu alisoma shahada nzima kwa Kiingereza, akaenda kufanya IELTS, akapata 5.5 kwenye kuandika. Ngazi ya 7 inataka 6 kila sehemu. Akafadhaika wiki nzima, mpaka dada yake akamuuliza kwa simu: wewe shule ya msingi ulisoma lugha gani? Akafanya mtihani wa Kifaransa, akapita. Chuo ulichosoma kwa Kiingereza hakikulazimishi kupimwa kwa Kiingereza. Wasemaji wa Kiswahili, Kilingala, Kirundi na Kifaransa mnasahau utajiri mlio nao, mnakuja kuhangaika na lugha ya nne.

Wa koleji, msiondoke bado. Kama uliomba kibali cha kusoma tarehe 1 Novemba 2024 au baada yake, na kozi yako si ya shahada, basi kozi yenyewe lazima iwe kwenye orodha ya fani zinazokubalika. Orodha hiyo imeshabadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo usiniulize mimi, wala usimuulize binamu yako aliyemaliza mwaka juzi. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, ulizia namba ya fani ya kozi yako, kisha uitafute mwenyewe kwenye tovuti ya serikali.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo moja ambalo watu hulipita mbio. Kibali hiki unapewa mara moja maishani. Mara moja. Kuna kijana wa Nakuru alisoma cheti cha mwaka mmoja. Kozi ya miezi minane na kuendelea, lakini chini ya miaka miwili, unapewa kibali cha urefu wa kozi yenyewe. Akaomba, akapata cha mwaka mmoja, akafurahi, akafanya kazi ya duka. Kisha akaingia chuo kikuu akasoma uzamili mzuri kabisa, wa sayansi ya data. Anamaliza, anakuja kuniuliza aanzie wapi. Ikabidi nimwambie. Sijawahi kuona mtu anakunja mkono wa shati taratibu vile, kama vile kazi yake yote duniani ilikuwa ni ule mkono wa shati. Tangu tarehe 15 Februari 2024, mwenye uzamili anaweza kupata miaka mitatu hata kama kozi yake ilikuwa fupi kuliko miaka miwili, mradi isipungue miezi minane. Miaka mitatu yake aliiuza kwa mmoja, na hakujua yuko sokoni.

Kwa hiyo wewe unayemaliza kozi fupi na una nia ya kuendelea kusoma, fikiri kabla ya kuomba. Kozi mbili zinaweza kuunganishwa urefu, kama kila moja inakidhi masharti na umezifuatanisha. Ukishaomba na kupewa kwa ile ya kwanza, umefunga mlango mwenyewe na funguo umemrudishia fundi.

Malipo ni mafupi. Dola 255: yaani 155 za kushughulikia ombi, na 100 nyingine kwa sababu ni kibali cha wazi. Usilipe ile ya kwanza ukasahau ya pili. Hakuna haja ya barua ya mwajiri. Cha wazi maana yake unafanya kazi kwa yeyote, tena hata ukiwa hujapata kazi unaomba. Transkripti na barua ya kumaliza, weka zote mbili, na uangalie kwamba barua inataja kwamba ulisoma muda wote kamili. Kama muhula wa mwisho ulisoma nusu, hiyo inaruhusiwa. Kama ni muhula wa katikati, andika barua ya kueleza na uambatanishe ushahidi. Usiache ofisa abuni sababu yako, maana atakayoibuni yeye haitakuwa nzuri. Na kibali kikifika, kipeleke ili uhuishiwe na namba yako ya SIN, ile namba ya bima ya jamii anayokuuliza mwajiri, inayoanzia na 9, maana nayo ina tarehe ya kufa.

Halafu viza. Kibali si viza. Kibali kinakuruhusu kukaa ndani na kufanya kazi. Viza ndiyo inayokurudisha mlangoni. Ukiomba ukiwa hapa utaletewa kibali peke yake, na ile viza ya mwanafunzi kwenye pasipoti pengine ilishaisha. Sisemi haya kwa ajili ya likizo ya Zanzibar. Nasema kwa sababu simu za saa tisa usiku kutoka nyumbani hazitoi notisi. Iombe viza mpya mambo yakiwa shwari.

Mzee pale ameniuliza kabla hatujaanza: mwanangu, hiyo miaka mitatu ni ya nini hasa? Ni swali zuri, mzee wangu. Wengi hapa wanataka ukaazi wa kudumu. Njia moja kubwa inahitaji mwaka mmoja wa kazi ya ujuzi ndani ya Kanada, yaani saa 1,560, na kazi uliyofanya ukiwa mwanafunzi wa muda wote haihesabiwi. Kubeba boksi pia hakuhesabiwi. Kunalipa kodi, kunatuma pesa nyumbani, sikudharau, boksi lilinilisha. Lakini ule mwaka wangu wa ghalani, kwenye fomu ya ukaazi, uliandikwa sifuri. Nilianza kuhesabu upya nikiwa nimebakiza chini ya miaka miwili.

Naona taa za gari, nadhani pilau imefika. Vijana wawili wa nguvu wakamsaidie mama, asishuke na sufuria peke yake kwenye barafu ile.

Wengine toeni simu. Najua kila mmoja ana picha ya pasipoti yake humo, ya kutumia ubalozi na benki. Ifungue. Usiangalie sura yako, tunajua ulikuwa mwembamba. Angalia tarehe ya mwisho. Nani yake inaisha kabla ya Aprili ijayo? Nyoosha mkono. Mmoja, wawili. Dada mwenye koti jekundu, watatu. Wanne, watano. Wewe wa karibu na birika, usijifiche, sita. Haya, ninyi sita msikimbilie sahani. Njooni hapa mbele na kalenda zenu.